Krismasi yetu iko mwezi wa sita

Kila mwaka ikifika mwezi wa tano najaza fomu ya likizo, na kila mwaka bosi wangu anaisoma anacheka. "Wenzako wote wanaenda kwao Desemba, we unaenda kufata baridi?" Na mimi nacheka, anasaini, maisha yanaendelea. Nilishachoka kueleza. Lakini juzi dogo mmoja ofisini kaniuliza kwa kumaanisha kabisa, sio utani, kwa nini naenda kwetu Njombe mwezi wa sita, nikaanza kumjibu tukiwa tumekaa kwa mama ntilie, chakula kikaja kikaisha, muda wa mapumziko ukaisha, jibu bado. Ndo nimeona niliandike.

Kwanza hii ieleweke. Desemba kwetu sio sikukuu, Desemba kwetu ni jembe. Njombe mvua ni msimu mmoja tu, zinaanza kama mwezi wa 11 zinakata mwezi wa 4 au wa 5, kwaio Krismasi inakukuta katikati ya palizi, matope mpaka kwenye ugoko, gambuti ndo kiatu cha kanisani, na kibaya zaidi mahindi ya mwaka uliopita ndo yanaelekea ukingoni, mama anachota unga huku anahesabu kimoyomoyo. Nyimbo za Noeli tunaimba vizuri tu, wali tunakula, kuku anachinjwa, ila tarehe 26 asubuhi uko shambani umeinama. Wachaga wana raha yao ya Desemba na siwaingilii, kila mtu na kwao. Sikukuu yetu sisi inakuja mvua ikishakata, maharage yameshapigwa yameingia ndani, mahindi yanamalizia kukauka, na baridi imeshuka mpaka huna ujanja zaidi ya kukaa jikoni na ndugu zako, hata wale ambao mlikua hamuongei.

Wanangu wanasoma hapa Dar na kwenye vitabu vyao kuna picha za watoto wa Ulaya wanarushiana majani makavu, wameambiwa hayo majira yanaitwa vuli. Kamusi nazo zinaandika hivo hivo. Sasa mtu wa Dar ukimtajia vuli anawaza mvua za mwezi wa 10 mpaka wa 12, na mtu wa Njombe hiyo vuli haimhusu kabisa, kwetu kuna mvua na kuna kiangazi, na katikati hapo ndo baridi yetu hii. Lakini Njombe iko kama nyuzi 9 kusini mwa Ikweta na mjini pale ni karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kwaio majani ya kwetu yanapukutika kweli, sema yanapukutika wakati huko Ulaya ndo wanaingia joto. Sio miti yote. Misindano na mikaratusi haina habari, na parachichi liko kijani mwaka mzima. Ila nyuma ya nyumba ya wazazi kuna mipeasi miwili na mplamsi mmoja mzee, na ikifika mwezi wa sita inabaki vijiti vitupu. Binti yangu mara ya kwanza kuiona alimkimbilia mama yangu. "Bibi, miti yenu imekufa!" Mama hata hakugeuka, alikua anapepeta maharage. "Imekufa kama babu yako akishashiba."

Safari siielezi sana, aliyeipanda anaijua. Mnatoka Dar alfajiri, Mikumi watoto wanapigana kugombea dirisha la upande wenye swala, mlima Kitonga kila mtu kimya, Iringa, Mafinga, na mkifika Makambako mlango wa basi ukifunguliwa unasikia upepo mwingine kabisa, hapo ndo begi la masweta linashushwa kutoka juu na watoto wanavishwa hapo hapo kwenye siti. Mke wangu ni mtu wa Muheza, Tanga. Mwaka wa kwanza alikuja na khanga mbili na kijisweta cha kufumwa cha ofisini, akakaa wiki nzima kavaa koti la baba la mtumba lililofika magotini, mpaka leo wanakijiji wanamuita Mama Koti na ye anaitika.

Nyumba yetu ina sebule nzuri tu, makochi yana vitambaa vya kudarizi, kalenda ya kanisa iko ukutani, lakini hakuna anayekaa sebuleni mwezi wa sita. Maisha yote yanahamia jikoni. Jiko letu limejengwa pembeni, tofali za kuchoma, mafiga matatu, juu kuna dari ya miti ambako mahindi ya mbegu yananing'inia kwenye moshi ili wadudu wayaogope, na chini pembeni kuna simbilisi. Ambao hamjui simbilisi, ni wanyama wadogo kama sungura aliyekatwa masikio, mikia hawana, kwetu wanafugwa jikoni humo humo, wanakula majani na maganda ya viazi na wanapiga kelele kama filimbi wakisikia mtu anaingia na nyasi. Ni kitoweo. Wanangu walishawapa majina wote, kwaio siku hizi mama anawachinja sisi tukiwa tumelala na nyama ikija mezani inaitwa "nyama" basi, hakuna maswali.

Kuni ni za muwati, ule mti ambao magamba yake yanauzwa kiwandani. Zinawaka taratibu na makaa yake yanakaa. Mnakaa kwenye vigoda na magunia kuzunguka moto, mbele unaungua nyuma unaganda, na baada ya dakika 10 unageuka kama mkate. Kuna sufuria kubwa la viazi mviringo vilivyochemshwa na maganda yake, chumvi iko kwenye kisahani, chai ya rangi iko kwenye birika jeusi tii. Unamenya kiazi kinakuchoma vidole unakirusha mkono huu na mkono huu, unachovya chumvi. Jamani mi nimekula kwenye hoteli za semina, zile za chakula cha kujipakulia mwenyewe, na sijawahi kukuta kiazi cha kufanana na kile. Nadhani siri ni kwamba kimetoka ardhini juzi. Au labda ni baridi tu, baridi inafanya chakula chochote kiwe kitamu, siwezi kubishana.

Baba ni mzee wa kanisa, wa Kilutheri wa zamani, na nyumba yake inaanza siku kwa sala na inaisha kwa sala. Hapa kuna kitu nimekigundua ukubwani. Sala ya asubuhi mwezi wa sita ni fupi ajabu, saa 11 na nusu alfajiri nyote mmesimama mnatetemeka, pumzi zinatoka kama moshi, baba anasoma mistari miwili, anamshukuru Mungu kwa usiku, anamkabidhi siku, amina, watu wanakimbilia moto. Ya jioni sasa! Ya jioni inafanyikia jikoni na hakuna anayetaka iishe maana ikiisha inabidi mwende vyumbani kwenye mashuka ya baridi kama bati. Kwaio baba anaomba, anawataja watoto mmoja mmoja, wajukuu mmoja mmoja, waliosafiri, wagonjwa wa jumuiya, ng'ombe wa jirani aliyevunjika mguu, halafu mtu anaanzisha wimbo, mwingine anakumbuka beti ambayo wengine wameisahau, mama anaongeza kuni. Kuna siku dada yangu aliombea mpaka barabara.

Kitu kimoja niseme kwa uzito kabla sijasahau, maana kila msimu wa baridi kuna nyumba inalia. Baba haruhusu jiko la mkaa libaki chumbani mkienda kulala, hata uwe mgonjwa, hata uwe mgeni wa heshima. Linatolewa nje yeye mwenyewe akiangalia. Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa ambayo haina harufu, haikohozeshi, unalala tu na huamki. Jirani zetu wawili waliondoka hivo nikiwa darasa la nne. Kwaio ukienda mikoa ya huku na ukasikia baridi, omba blanketi la pili, usiombe jiko.

Mchana ni kazi, msidhani tunakaa tu. Mahindi ya kwetu yanachelewa kwa sababu ya baridi, wenzetu wa chini wanavuna mapema, sisi ni mwezi wa 6, wa 7, mpaka wa 8 kuna watu bado wako shambani. Tunaenda kwa zamu, leo kwetu kesho kwa jirani, mwenye shamba anatoa chakula na togwa. Wengine wanatoa pombe na shamba lao linaisha haraka zaidi, hilo lazima niwe mkweli, baba analijua na anajifanya halijui. Umande wa asubuhi unalowesha suruali mpaka kiunoni, vidole havisikii, halafu saa 4 jua linatoka, anga bluu haina hata wingu moja, mnavua sweta moja moja mnazitundika kwenye mabua. Hilo jua la saa 4 mwezi wa sita! Mtu wa Dar jua ni adui, unalikimbia toka asubuhi. Kule unalitafuta, unakaa kwenye ukuta wa upande wa mashariki kama mjusi, wazee wako pale, mbwa yuko pale, na hakuna anayemuambia mwenzake asogee.

Jioni ni kupukuchua. Mahindi yanamwagwa katikati ya jiko, kila mtu anachukua hindi lake na gunzi la kusugulia, na mdomo unafanya kazi kuliko mikono. Hapo ndo unasikia nani anamposa nani, nani kauza shamba la marehemu baba yake bila kuwaambia ndugu, mchungaji mpya anahubiri kwa muda gani. Mpwa wangu ana kiredio cha flashi anapiga nyimbo za kwaya, betri ikiisha tunaimba wenyewe. Bibi mzaa baba alikua anapukuchua haonekani kama anatazama, macho yako motoni, kidole gumba kinatembea, na punje zinaanguka kama mvua ya mwanzo kwenye bati. Mi mpaka leo siku ya tatu napata malengelenge na nachekwa. Magunzi hayatupwi, yanarudi motoni.

Halafu ndo inakuja Jumapili ya mavuno. Hii ndo nilishindwa kumueleza yule dogo wa ofisini, maana yeye ni mlokole wa mjini, sadaka anatuma kwa simu.

Kanisa letu ni la mtaa, sio usharika, kwaio tuna mwinjilisti, mchungaji anakuja kwa zamu. Kengele ni rimu ya lori imening'inizwa kwenye mti inagongwa na kipande cha nondo, na nakwambia unaisikia mpaka bondeni kwenye vinyungu, zile bustani za bondeni. Na tuna tarumbeta. Wamisionari wa Kijerumani kutoka Berlin walifika nyanda hizi miaka ya 1890, wakaondoka, kanisa likawa mikononi mwa wenyeji, KKKT, hili kanisa letu la Kilutheri, ikaundwa mwaka 1963, ila zile shaba zilishakua zetu, na huko kwetu sherehe bila tarumbeta ni kikao tu. Sasa asubuhi ya baridi shaba inashuka sauti, hata upulize vipi. Kwaya iko hapa, tarumbeta ziko chini yao kidogo, wapigaji wanakumbatia vyombo ndani ya makoti kama watoto wachanga ili vipate joto, na mpaka ubeti wa tatu ndo wanakutana na kwaya, na pale wanapokutana mwili mzima unasisimka.

Watu wanaleta. Gunia la mahindi, debe la maharage, viazi, njegere, maboga, maparachichi, matunda damu, asali kwenye chupa ya maji, mayai, mzigo wa kuni, mkungu wa ndizi uliotoka huko chini kwenye joto, sungura kwenye boksi lenye matundu. Madhabahu haionekani. Linasomwa neno, mahubiri marefu kidogo, kisha wote mnatoka nje kwenye jua kwa ajili ya mnada, na mnada huo una sheria zake ambazo hazijaandikwa popote. Bei sio bei ya soko. Yai moja linaweza kufika elfu tano kwa sababu watu wawili wenye ushemeji wanashindana. Na ukinunua unaweza kusema "namzawadia fulani", au "nairudisha iuzwe tena kwa Bwana", basi kitu kimoja kinauzwa mara tatu.

Mwaka jana baba alitoa jogoo. Alitangaza kwamba ndiye jogoo wake bora. Ukweli wa nyumbani ni kwamba lile jogoo lilikua limeshindikana, linamvizia kila mjukuu anayeenda chooni, mama alishaapa litatoka na litatoka kwa njia ya heshima. Mnada ukapigwa, mara ya kwanza, mara ya pili, akalichukua jirani yetu, mzee mwenzake baba, kwa hela nzuri sana. Watu makofi. Yule mzee akasimama, akakohoa, akasema, "Huyu jogoo namzawadia mkwe wetu, Mama Koti, aliyetoka mbali na baridi hii." Sijawahi kuona uso wa baba vile. Zawadi ya mnada wa kanisani hairudishwi. Mke wangu kapiga magoti kashukuru, mi nikakabidhiwa jogoo limefungwa miguu, na tukalirudisha nyumbani tukipita njia ile ile ambayo asubuhi baba alikua amelibeba mwenyewe. Ye alikua mbele yetu, haongei.

Jioni mke wangu akaingia jikoni akamwambia mama, "Mama, leo naomba nipike mimi." Tulikua tumebeba nazi tano kutoka Dar, huwa tunabeba. Jogoo likachinjwa, likapikwa kwa nazi na viazi vya humo humo ndani, tangawizi, pilipili mbuzi moja nzima imewekwa juu bila kupasuliwa. Lilikua gumu, lilikaa motoni mpaka saa 3 usiku, na hakuna aliyelalamika maana tulikua tumekaa kwenye moto huo huo. Baba alikula kimya, akaongeza, akaongeza tena, kisha akamuuliza mke wangu kwa sauti ya mkutano wa wazee wa kanisa, "Waanglikana wa Muheza ndo mnakula hivi siku zote?" Akamwambia ndio baba. Baba akawaza. "Ndo maana mnachoma ubani, kuficha harufu." Jiko zima liliangua kicheko, mama alicheka mpaka akatoka nje.

Kuna la viazi pia, na hili linamuuma mzee. Njombe viazi ndo mambo yetu, malori yanakuja mpaka shambani, lakini mnunuzi anakuja na gunia lake lililoshonewa gunia lingine juu, ile mnaita lumbesa, linajazwa mpaka linakua na kichwa na kilemba, bei ni ya gunia moja. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100. Baba alinunua mizani, ile ya kuning'iniza, akaifunga kwenye mpeasi. Mnunuzi akifika anaonyeshwa mti. Wengi wanageuza lori hapo hapo. Kwaio msimu mzima wenzake wanauza, yeye viazi viko stoo, mama ananung'unika, na mwishowe tunavila sisi, tunagawa, tunabeba. Nilijaribu kumwambia baba alegeze kidogo, mwaka huu tu. Aliniangalia kama nimemtukana. "Mizani ya hila, mwanangu, imeandikwa." Na kweli imeandikwa, nikaacha.

Ndo maana siku ya kurudi begi zetu tunazibeba mapajani, kwenye buti la basi kuna magunia mawili ya viazi, maharage, unga wa ngano ya kwetu, na maparachichi magumu ambayo yataiva kitandani kwangu chini ya blanketi ambalo Dar halina kazi nyingine. Konda anadai hela ya mzigo, tunabishana, tunaelewana Makambako.

Wiki iliyofuata baba akapiga simu, ye akipiga huwa anapiga usiku, anajua nimetoka kazini. Salamu ndefu, watoto hawajambo, mkwe hajambo, huku jalidi imepiga bondeni njegere za kinyungu zimeungua upande mmoja, mchungaji anawasalimia. Halafu akaulizia viazi huko sokoni kwetu vinauzwaje. Nikamwambia bei ya sado, kile kindoo cha kupimia. Akanyamaza, nikawa nasikia mama kwa nyuma anaongea na simbilisi, na kuni zinapasuka.

"Na hapo," akauliza, "wanapima kwa kilo au kwa macho?"